Siku Tisini Nilizozihesabu Mimi

Pedi ya gemu ya mwanangu haikuwa na waya. Panya wa nyumba yetu waliutafuna mwaka aliozaliwa, nikaukata uliobaki, nikaitupa pedi ndani ya droo pamoja na betri mbovu na funguo za milango nisiyoijua. Alipofika miaka mitatu akaanza kuning'ang'ania kila nikiwasha mashine, nikampa ile. Akakaa pembeni yangu juu ya mkeka, miguu ameinyoosha mbele, akabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili huku ameikodolea macho runinga. Nikifunga goli mimi, anayeruka ni yeye. "Baba, nimefunga!" Nami namwambia, umefunga, mwanangu, umewamaliza.

"Unamdanganya mtoto," mama yake aliniambia siku moja, akipita na beseni la nguo.

"Namfurahisha."

"Haya. Siku akijua utamwambia nini?"

Sikumjibu, maana kipa wangu alikuwa peke yake na mshambuliaji anamjia. Nikikumbuka sasa, maswali mengi ya mke wangu sikuyajibu kwa sababu ya namna hiyo.

Tulikaa ghorofa ya tatu, upande wa Mkunazini, katika nyumba ya kale yenye ngazi za mbao ambazo kila daraja lina kimo chake. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Asubuhi nabeba mkoba wa vifaa nakwenda hoteli za Shangani, siku nyingine mpaka Kiwengwa, nawapozea wageni vyumba. Kwangu mwenyewe lilikuwako pangaboi moja linalopiga kelele. Nikitoka kazini napitia urojo, bakuli mbili, kisha nanunua mishikaki ya nyumbani ambayo aghalabu haikufika nyumbani yote. Katika miaka mitano ya ndoa kanzu yangu ya harusi ilianza kunikamata tumboni, na ngazi zile nilizipanda kwa mapumziko mawili, nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu ili jirani wa ghorofa ya pili asijue kuwa natafuta pumzi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.

Kwenye gemu lakini nilikuwa mwepesi. Pale nilicheza winga, nikitoka na mpira kutoka nusu ya uwanja hakuna wa kunishika. Nadhani ndiyo maana nililipenda mno. Mtu akishapata pahala pamoja ambapo hachoki, hatamani kuondoka.

Jumapili moja rafiki zangu watatu walikuja kwangu. Tulipanga mashindano yetu wenyewe, ya mtoano, na mimi nikafika fainali. Mtoto aliamka na homa tangu asubuhi. Mama yake alimkanda kwa kitambaa cha maji, akampa dawa, homa ikashuka, ikapanda tena. Baada ya adhuhuri alikuja mlangoni amembeba begani.

"Twende hospitali. Kachemka huyu."

"Dakika tano. Inakwisha."

Akangoja. Nataka niseme kweli hapa, alingoja. Alisimama mlangoni kiatu kimoja amekivaa, kingine amekishika, mpaka dakika tano zangu zikaingia muda wa nyongeza. Ndipo alipokuja mpaka ukutani akachomoa waya.

Runinga ikazima. Rafiki zangu wakaguna, na mmoja akacheka.

"Hebu inuka umchukue mwanao," mke wangu alisema. "Au na ngazi zinakushinda? Ukizipanda peke yako unatweta, utambeba nani?"

Hapo wakacheka wote. Nami, pedi ingali mkononi, nikasema, "Basi nimekuacha. Talaka moja. Nenda kwenu."

Kicheko kikakatika. Mwanangu alifungua macho, akanitazama, akayafumba. Mama yake alivaa kiatu cha pili, na nikamsikia akishuka ngazi taratibu, daraja moja moja, kwa ajili ya mzigo aliobeba. Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja Bububu kwa baba yake. Kesho yake kaka yake alikuja kuchukua nguo na vyombo vichache, na mtoto alikuwa ameagiza aletewe pedi yake.

Homa ilipoa siku ya tatu. Habari hiyo niliipata kwa simu.

Katika yote aliyoyasema mke wangu siku ile, mimi nilishika la ngazi. La homa nililiacha lipite. Kwa wiki nzima nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha kabati, nikakishika kitambi kwa mikono miwili, nikasema ndicho kilichonivunjia nyumba. Ujinga wa aina hii hausomewi popote, mtu huzaliwa nao.

Kwetu talaka moja si mwisho. Mwanamke hukaa eda, na muda wa eda yake haujesha mumewe anaweza kumrejea kwa neno tu. Hapana mahari mpya, hapana ndoa mpya, hapana kuomba ruhusa ya mtu. Anasema "Nimekurejea," na mke ni mkewe kama jana. Eda ikisha, neno lile halifai tena kitu. Kwa hiyo nilikuwa na neno moja la kumrudishia mwanangu nyumba yake, na muda wa kulisema. Hapakuhitajika zaidi ya hayo.

"Eda miezi mitatu, bwana," aliniambia rafiki yangu, yule aliyecheka mwanzo, tulipokaa barazani. "Muda unao. Mwache kwanza akukumbuke."

Sikumuuliza ustadhi. Niliona haya kumweleza kuwa nimeacha mke kwa ajili ya fainali ya gemu. Sikumuuliza mama yangu pia, ambaye alinipigia mara mbili kunambia, "Nenda kamrejee mkeo, usimtese mtoto wa watu." Nikamjibu, "Ntakwenda, mama, nna miezi mitatu." Nilipakua kwenye simu programu ya mazoezi inayohesabu siku, nikaiandikia tisini, kuanzia siku ya talaka. Kila siku niliyofanya mazoezi ilinipa alama ya kijani. Nilijipangia hivi: siku ya tisini isifike bila ya mimi kukimbia kutoka mjini mpaka Bububu, kilomita kumi, nifike mlangoni kwao sitweti, nilitamke neno. Mwenyewe aone.

Mpango huo ulinipendeza sana. Niliuona kama sinema.

Nilianza Maisara asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri. Mzunguko wa kwanza sikuumaliza. Nilikaa kwenye nyasi moyo unataka kutoka mdomoni, kinamama wa kikundi cha mazoezi wakapita na fulana zao za rangi moja, mmoja akanambia, "Pole, kaka, kesho lete na mto." Kesho yake nilirudi, kwa hasira tu. Wiki ya pili nikamaliza mzunguko. Nikaacha urojo, nikaacha soda, nikawa nakula samaki wa kuchoma na mchicha mpaka nikauchukia mchicha. Pushapu nilipiga tatu, kisha saba, kisha ishirini. Jumapili nilijiunga na kikundi, tukikimbia kwa kupiga makofi, na nilipofikisha mwezi yule mama wa mto alinambia, "Wewe mbona unakonda hivyo, una nini?" Nikamwambia nina kazi ya kumaliza.

Gemu nililifunika kwa kanga ya mke wangu aliyoisahau kwenye kamba. Nilijiambia sitacheza mpaka mchezaji mwenzangu arudi. Wakati mwingine nikikaa kwenye mkeka ule mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukijisogeza pembeni kumpa nafasi mtu ambaye hayupo. Nyumba iliniumiza sana siku zile, na mimi maumivu hayo nikayapeleka Maisara nikayakimbiza, badala ya kuyapeleka Bububu.

Kila Ijumaa alasiri nilikwenda kumtazama mtoto, kwa vespa. Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu, alinipokea uzuri. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu, karibu ndani." Hakuniuliza kitu. Mwanangu nilimkuta barazani na pedi yake, amekaa ameukabili ukuta mtupu, anabonyeza. Hata runinga haikuwako pale. Nilimuuliza anacheza na nani, akanambia, "Na wewe." Kisha akauliza, "Leo twende nyumbani?"

"Bado kidogo, mwanangu."

"Kidogo ngapi?"

Nilimwonyesha vidole vyote kumi, nikamwambia kidogo kama hivi.

Ijumaa zile za mwanzo mke wangu ndiye aliyeniletea chai mwenyewe, ya tangawizi, katika kikombe changu kikubwa cha buluu. Nilishangaa kukiona kule. Nilidhani kaka yake alikibeba kwa kukosea kati ya vyombo. Alivaa lile dera la zambarau nililomletea kutoka Darajani, nywele amezisuka, chumba kinanukia udi. Mama mkwe wangu alimchukua mtoto kwa mkono, akamwambia twende dukani tukanunue ubani, na kila Ijumaa ubani ulikuwa umekwisha. Tukabaki wawili. Mke wangu alikaa kwenye kiti cha pili, mikono mapajani, akanitazama.

"Habari za mjini?"

"Nzuri. Juzi nimekimbia kilomita mbili bila ya kusimama."

"Mbili?"

"Mbili. Na pushapu sasa napiga ishirini."

"Hongera," alisema.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia kilomita tatu. Iliyofuata, nne na nusu. Nilimwonyesha alama za kijani kwenye simu. Mara moja aliinama kuzitazama, harufu ya udi ikanijia kutoka shingoni kwake, na neno likanipanda mpaka kwenye meno. Wallahi lilifika pale. Nikalirudisha. Nilijiambia, si leo, leo bado una kilo sita za kupunguza, ukilisema leo utakuwa yuleyule aliyeshindwa na ngazi. Nikanywa chai. Yeye aliinuka akachukua kikombe, akasimama kidogo mlangoni na kikombe mkononi, kama anayengoja kuambiwa aongeze. Nikasema imetosha, ahsante.

Ijumaa ya tisa mambo yalibadilika, na mimi nikayasoma ninavyotaka.

Chai siku hiyo aliileta mama mkwe wangu, katika kikombe cha wageni chenye kisahani. Baba mkwe wangu alikaa nasi sebuleni mwanzo hata mwisho, mlango wa mbele wazi. Mke wangu alitoka baadaye kunikabidhi fulana chafu ya mtoto niliyoitaka kwa kipimo, maana nilitaka kumnunulia jezi. Alikuwa amevaa baibui na ushungi umefungwa mpaka kidevuni, ndani ya nyumba ya baba yake, mbele yangu mimi. Aliniwekea fulana mezani, hakunipa mkononi. Aliinamisha macho.

Nilirudi mjini kwa vespa nikiimba. Nilikuwa nimevaa fulana ya kubana siku hiyo, mabega yameanza kuonekana, na mimi nikasema, bibi kaona haya. Kaniona mwanamume mpya, kama siku za uchumba. Nilicheka peke yangu kwenye taa za Kinazini, mwenye gari akanitazama. Ijumaa ya kumi hivyo hivyo, ya kumi na moja hivyo hivyo, na mimi kila nikiona ushungi ule umekazwa nilizidisha pushapu.

Siku ya themanini na tisa iliangukia Ijumaa. Nilitoka Malindi baada ya sala ya alasiri, jua limeshaanza kulegea, mgongoni nimefunga begi dogo lenye jezi ya mtoto na fulana kavu ya kubadilisha. Nilikimbia kwa pumzi yangu, sikushindana na mtu. Maruhubi nikapita, Mtoni nikapita, vijana wa gereji wakanipigia makofi nikawainulia mkono. Kibweni miguu ikaanza kulalamika, nikaisemesha. Nilipoanza kuona maduka ya Bububu machozi yalinitoka, na sikuyaonea haya, yalichanganyika na jasho. Nilikuwa nikilitamka neno kwa kila hatua. Nimekurejea. Nimekurejea. Kwenye kona ya kwao nilisimama, nikabadilisha fulana, nikajifuta uso, nikangoja mpaka pumzi ikatulia kabisa. Ndiyo ilikuwa shabaha yote, nisitwete.

Nilipiga hodi. Mke wangu alikuwa ukumbini anapepeta mchele, baba yake kwenye kiti chake na miwani puani. Aliponiona alivuta ushungi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona kwa miguu? Vespa imeharibika?"

"Nimekimbia, baba. Kutoka mjini." Nikamgeukia mke wangu. Nilisimama wima, kifua mbele, kama nilivyojizoeza kwenye kioo cha kabati. "Nimekurejea," nilimwambia. "Mbele ya baba yako. Nimekurejea, mke wangu. Kusanya vitu twende nyumbani."

Ungo ukasimama mikononi mwake. Alimtazama baba yake, kisha mimi.

"Eda yangu nshamaliza," alisema.

Nikacheka, nakumbuka nilicheka. "Bado siku moja. Nimehesabu." Nikatoa simu nimwonyeshe.

"Weka simu, mwanangu," baba mkwe wangu alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Kaa."

Sikukaa.

"Hiyo miezi mitatu uliihesabu wewe," mke wangu alisema. "Mimi eda yangu ni tohara tatu. Mimi si kikongwe. Nshatoka wiki ya nane, mwezi mzima sasa. Hukuona hata nnavyojifunika? Wewe kwangu sasa ni mwanamume wa kando."

Baadaye nilimwuliza ustadhi, haya zikiwa hazina kazi tena, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto wa chuoni. Miezi mitatu ni ya mwanamke asiyeona siku zake. Anayeziona anahesabu tohara, yaani vipindi vya usafi baina ya siku zake, na ile aliyokuwa nayo siku ya talaka nayo imo katika hesabu. Akiingia katika siku zake mara ya tatu, imekwisha. Kila mwanamke hapa analijua hilo. Wanaume wa barazani ndio wanaosema miezi mitatu.

Lakini siku ile sikuwa na ustadhi. Nilikuwa na simu mkononi na jezi ya mtoto mgongoni.

"Kwa nini hukunambia?" nilimuuliza. Sauti ilinitoka kubwa, na baba yake akavua miwani.

"Nkwambie nini? Nkuombe unirejee? Uliniacha mbele za watu, mie nkuombe chumbani?" Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. "Nilikaa na wewe Ijumaa nane. Mama anambeba mtoto, mie nafukiza udi, nakutilia chai kwenye kikombe chako, maana kikombe nilikitaka kije, nilijua utakuja kutuchukua. Kila Ijumaa nikisema leo atasema. Nawe wanambia kilomita."

"Nilikuwa najitengeneza kwa ajili yako."

"Nani alokutuma?" Hapo sauti yake ikavunjika. "Mie siku ile nlitaka umchukue mtoto. Hata kwa kutweta. Ungemchukua tu ukatweta."

Niliwahi kusoma mahali kwamba moyo ni msuli, na ukiufanyia mazoezi unakuwa na nguvu. Mimi nawaambia wangu ulikuwa katika hali nzuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na ulipasuka pale pale ukumbini mbele ya ungo wa mchele.

Nikamwuliza baba yake kama inafaa nimpose upya. Alisema inafaa, mlango haukufungwa kisheria, lakini sasa ridhaa ni ya mwenyewe. Tukamtazama mwenyewe. Alikuwa ameinamia mchele, anatoa chuya moja moja. Akatikisa kichwa.

"Sitaki," alisema. "Nshangoja mara moja."

Alinyanyuka akaingia ndani. Alitoka na kitu amekizungushia gazeti, akakiweka mezani, hakunipa mkononi. Kilikuwa kikombe cha buluu.

Mtoto alikuwa barazani nilipotoka. Nikamvisha jezi, ikamfika magotini ingawa nilichukua kipimo, akaifurahia. "Leo twende nyumbani?" aliuliza. Nilijaribu kusema bado kidogo, sikuweza. Nikamwambia hapa ndiyo nyumbani, na kwa baba atakuja kutembea. Alinitazama, kisha akavitazama vidole vyangu, akingoja nimwonyeshe ngapi.

Nilirudi kwa miguu, kikombe mkononi. Sikukimbia hata hatua moja. Simu iliniletea ujumbe kwamba lengo la leo limetimia, ikanipa alama ya kijani.

Hayo yametimia mwaka sasa. Mwanangu ana miaka mitano, na huja kwangu Jumamosi. Kitambi hakikurudi, wala mimi sikukitaka kirudi, ingawa sijui nakizuia kwa ajili ya nani. Babu yake humleta mpaka Darajani, mimi humpakia begani na kumpandisha ghorofa tatu bila ya kupumzika hata mara moja. Jirani wa ghorofa ya pili husema mashallah. Nikifika juu sitweti kabisa, na kila mara nikifika juu sitweti nachukia.

Jumamosi iliyopita niliondoa ile kanga, nikawasha gemu. Alikaa pembeni yangu na pedi yake ambayo huja nayo na kuondoka nayo. Tukaanza. Mara akaacha kubonyeza. Akaigeuza pedi, akatazama nyuma yake, akatazama yangu, akaufuata waya wangu kwa macho mpaka kwenye mashine.

"Baba, hii yangu haina waya."

"Haina, mwanangu."

"Kwani nilikuwa sichezi?"

Kuhusu siku hii mama yake aliniuliza zamani, na nilikuwa na miaka miwili ya kutafuta jibu. Nikamwambia kweli. Nikamwambia, ulikuwa huchezi, mimi nilikudanganya, nisamehe. Alifikiri. Sikumwona kukasirika. Akanipa ile isiyo na waya, akachukua yangu, akasogea mbele ya mkeka. Nikaishika, nikabonyeza pamoja naye. Alipoteza mipira, akagongana na watu wake mwenyewe, akarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mwisho mpira ulimgonga mchezaji wake mguuni ukaingia wavuni, bila ya yeye kujua umeingiaje.

Aliruka juu, pedi kifuani, akageukia mlango wa jikoni.

"Mama!" aliita. "Mama, nimefunga kweli!"

Alisikiliza kidogo. Kisha akakumbuka, akakaa tena pembeni yangu.